Projekta ipi inatoa mwanga sawa skrini nzima: boksi la LED, 3LCD ya mtumba, DLP au ile ya kukaa chini ya ukuta?

Mpira wa kona ndo ulionifanya nianze kufuatilia hii kitu. Nilimfungia jamaa mmoja projekta mpya kwenye banda lake la mpira huku Mbagala, boksi limeandikwa lumeni 9000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye mashine), picha kati kati inawaka safi kabisa, watu wameshalipa wamekaa, mechi ikaanza. Sasa kila timu ikipata kona mpigaji anaingia gizani, yani unaona mtu kanyoosha mkono juu lakini mpira alipouweka huuoni, halafu ghafla unautokea mbele ya goli. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele akaniita, "kijana wangu, huo uwanja taa za pembeni zimekatika nini?" Alikuwa anauliza kweli, maana kwa alivyoona yeye tatizo lilikuwa uwanjani.

Kesho yake mchana nikarudi, tukaziba madirisha kwa maboksi, nikaweka picha nyeupe tupu, nikachukua simu yenye programu ya kupima mwanga nikaigeuza uso wake uelekee kwenye lenzi nikawa naibandika kwenye kitambaa, kati kati kwanza halafu kona moja moja. Kona zote nne zilisoma chini ya nusu ya kati kati, ile ya chini kulia ilikuwa karibu theluthi. Toka siku hiyo mtu akiniuliza anunue projekta gani siulizi kwanza ana bajeti ya lumeni ngapi, nauliza watu wake watakuwa wanaangalia nini kwenye kona za picha.

Maana lumeni zenyewe hazikuambii hilo. Kuna kipimo kinaitwa ANSI, kilianza mwaka 1992, wanagawa picha nyeupe vipande 9 vilivyo sawa, wanapima katikati ya kila kipande, wanachukua wastani wanazidisha na eneo la picha. Hizo ndo lumeni za kweli, na maboksi mengi ya bei rahisi yanayotaja elfu tisa elfu kumi hayajapimwa hivyo, ukitaka kuamini tafuta neno ANSI au ISO (kipimo cha siku hizi kinachofanana nacho) kwenye boksi, yasipokuwepo yote ile namba ipotezee. Lakini hata hiyo ANSI yenyewe angalia vizuri, wanapima katikati ya kipande, hawapimi kwenye ncha ya kona, na wastani unaficha mambo, kati kati ikiwaka sana inaweza kuwabeba wa pembeni. Ndo maana wanaopima usawa wa mwanga wanaongeza nukta 4 kwenye kona kabisa, zinakuwa 13. Sasa hiyo namba ya usawa ni mara chache sana kuikuta imeandikwa kwenye boksi, kwa hiyo inabidi ujue mashine ilivyotengenezwa ndani na ujipimie mwenyewe.

Kitu kingine cha kuelewa kabla ya kulinganisha, jicho la mtu linasamehe sana mwanga unaopungua taratibu. Kona ikiwa na kama asilimia 70 au 80 ya kati kati na mwanga umeshuka pole pole toka kati kwenda nje, watu mia watakaa hapo dakika 90 na hakuna atakayelalamika, hata kumbi za sinema mwanga huwa unapungua kiasi kwenda pembeni na tunaenda tunafurahi tunarudi. Ila baka dogo tu lenye mpaka unaoonekana, hata likiwa na tofauti ndogo, linakera usiku mzima, hasa kamera ikiwa inatembea juu ya majani na lile baka limesimama palepale. Kwa hiyo kuna ubaya wa aina mbili, giza la kona na mabaka, na kila aina ya mashine ina wake.

Tuanze na boksi la LED kwa sababu ndo linalonunuliwa zaidi, bei yake inavutia na ni jipya linanukia plastiki. Ndani yake kuna taa moja ya LED, mbele yake lenzi ya plastiki bapa yenye mistari ya duara duara kama sahani ya santuri, halafu kioo kimoja cha LCD kama cha simu, halafu lenzi nyingine ya plastiki, basi. Mwanga unatoka kwenye kidoa kimoja unaenda moja kwa moja kwenye kioo, kilicho mbele ya taa kinapata mwingi, kilicho pembeni kinapata mabaki. Hakuna kitu cha kuuchanganya huo mwanga kabla haujafika kwenye kioo. Hilo ni umbo lenyewe la mashine, halirekebishwi kwenye menyu. Na mengi hayajazibwa, feni inavuta hewa ya nje inapitisha mbele ya kioo, kwenye banda la mpira lenye sakafu ya mchanga miezi miwili tu unaanza kuona madoa ya ukungu, ukiweka picha nyeusi yanaonekana kama nyota zilizovimba. Zipo za kizazi kipya ambazo wameziba sehemu ya kioo, hizo kwa vumbi ni afadhali kabisa, lakini kona bado nyingi ni zile zile.

Silikatai boksi moja kwa moja. Chumba cha watoto kuangalia katuni, skrini ya inchi 60 hivi, hapo giza la kona hakuna anayelijua na umeme linakula kidogo. Tatizo ni pale unapolipeleka kufanya biashara.

3LCD ya mtumba ndo ambayo mimi naipenda na sitaki kuficha hilo. Epson ndo jina linalojulikana zaidi humo, zile nyeupe za maofisini na madarasani ambazo zinakuja zimetumika. Ndani mwanga wa balbu unapita kwanza kwenye vioo viwili vyenye vijilenzi vidogo vidogo vingi vimepangwa kama jicho la nzi, kila kijilenzi kinachukua kipande chake cha mwanga na kukitandaza kwenye kioo kizima cha LCD, vipande vyote vinalaliana juu ya vingine. Kwa hiyo hata taa ikiwaka zaidi kati kati, kwenye kioo inafika ikiwa imeshachanganywa. Halafu unagawanywa mwekundu, kijani na bluu, kila rangi ina kioo chake, zinakutana tena kwenye kioo cha pembe nne ndo zinatoka. Nilipobadilisha pale bandani nikaweka moja ya hizi iliyotumika, lumeni zake za kwenye karatasi zilikuwa 3000 tu, yani theluthi ya zile za boksi, na kona zilisoma zaidi ya robo tatu ya kati kati. Picha nzima ilikuwa na mwanga kuliko ile ya mwanzo, kati kati na pembeni, na kitambaa ni kile kile.

Sasa ubaya wake, na huu uusome taratibu kama unanunua mtumba. Mbele ya kila kioo cha LCD kuna utando mwembamba wa polaraiza, yani chujio linalopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, joto la miaka linauunguza, na mara nyingi unaanza upande wa bluu kwa sababu mwanga wa bluu ndo unaouchosha zaidi. Ukiungua, picha nyeupe inakuwa na wingu la njano sehemu fulani, au bluu inavuja pembeni. Ukiangalia mpira unaweza usilione wingu hilo dakika kumi za kwanza, ila weka picha ya harusi bi harusi kavaa shela nyeupe, anasimama hapo kwenye njano, ukumbi mzima unaona. Kuna fundi atakwambia hiyo ni chujio tu la hewa likisafishwa linaisha, hapana, chujio chafu linaleta joto na vumbi, lile wingu la njano likishaingia linatoka kwa kubadilisha polaraiza au kioo chenyewe. Kwa hiyo mtumba usinunue bila kuona picha nyeupe tupu ukutani, angalau dakika 15 mashine ikiwa imepata moto.

DLP ni ukoo mwingine. BenQ na Optoma wametengeneza nyingi sana. Picha inachorwa na vioo vidogo sana vya kujipinda kwenye chipu moja, teknolojia ya Texas Instruments iliyobuniwa mwaka 1987, na mwanga kabla ya kufika huko unapita kwenye kijimtaro cha vioo, kama bomba la pembe nne, unagonga kushoto kulia juu chini mara nyingi mpaka ukitoka mwisho umeshakuwa mmoja. Kwa usawa ikiwa nzima inashindana vizuri na 3LCD, na sifa yake kubwa ni kwamba haina polaraiza ya kuungua, kwa hiyo lile wingu la njano hulipati. Nyeusi yake pia huwa nzuri, mechi za usiku zinapendeza.

Magonjwa yake ni mawili. Kile kijimtaro kimeunganishwa kwa gundi, mashine ikipikwa sana na joto gundi inaachia, kioo kimoja kinahama, unaona utepe wa kivuli upande mmoja wa picha wenye ukingo ulionyooka kabisa kama mtu kaegesha rula. Ukiona kivuli kilichonyooka hivyo usidanganywe kwamba ni lenzi chafu. La pili ni vumbi mdomoni mwa kijimtaro, hilo linatoa baka linaloonekana kwa sababu sehemu ile ndo inayochorwa kwenye chipu, ila hilo fundi mzuri anafungua anasafisha linaisha. Kuna na watu wachache ambao wakiangalia DLP yenye gurudumu la rangi (kijisahani cha rangi kinachozunguka kwenye njia ya mwanga) wanaona miali ya upinde wa mvua wakigeuza macho haraka, kama familia yako yupo wa hivyo mjaribishe kwanza.

Ile ya kukaa chini ya ukuta, inayowekwa kwenye meza ya TV sentimita chache tu toka ukutani ikatupa picha ya inchi 100, nyingi siku hizi ni za leza na leza inatajwa kuishi masaa 20,000 wakati balbu za kawaida zinacheza kwenye 3,000 mpaka 5,000. Ni nzuri kwa nyumbani, hakuna mtu anayepita mbele kukata picha. Lakini mwanga wake unapanda kwa mshazari mkali sana, na mwanga wa mshazari unafichua kila kitu, lipu iliyopigwa vibaya, maungio ya jipsamu, kitambaa chenye mkunjo, vyote vinageuka mawimbi ya kivuli na mwanga kwenye picha. Inataka skrini yake maalumu, ngumu iliyonyooka kama meza, na hiyo skrini bei yake ikutoe jasho kidogo. Bandani usiipeleke kabisa, mtoto mmoja akiigusa picha inapinda.

Hapo ndo tunafika kwenye kitambaa, na kiukweli nusu ya malalamiko ya mwanga ninayoitiwa yanatokana na kitambaa, projekta haina kosa. Skrini zina namba ya kurudisha mwanga. Yenye 1.0 ni ile nyeupe butu isiyong'aa, inaugawa mwanga kwa watu wote sawa, wa mbele, wa pembeni, wa nyuma. Zenye namba kubwa, 2 na kuendelea, hazitengenezi mwanga mpya, zinauchukua ule ambao ungeenda kwa watu wa pembeni zinawapelekea wa kati, kwa hiyo aliyekaa kati anaona picha inawaka na ina kidoti cheupe kinachong'aa katikati, akisogea kidoti kinamfuata, na wa pembeni anaona nusu ya picha imefifia. Kumbi za sinema za 3D zinatumia skrini za fedha za aina hiyo kwa sababu maalumu ya kulinda mwelekeo wa mwanga ambao miwani ya 3D inautegemea, wewe huna hiyo sababu.

Na bila kujua watu wengi tayari wanayo skrini ya kung'aa. Lile bango la flex la matangazo ambalo mabandani wanaligeuza upande mweupe, ukiligusa ni laini linateleza na linang'aa, hilo linatoa kidoti katikati vibaya sana, ukiweka juu ya boksi la LED ambalo tayari lina mwanga katikati, umeongeza tatizo juu ya tatizo. Kuna flex butu isiyong'aa, ulizia hiyo hiyo kwa wachapaji mabango. Shuka jeupe halina kidoti lakini linavujisha mwanga nyuma na lina mikunjo, ukilishonea kitambaa cheusi nyuma na kulivuta kwa kamba pande zote nne linafanya kazi nzuri kwa hela ndogo. Ukuta uliopigwa emulsheni butu nyeupe naukubali kuliko skrini nyingi za bei rahisi, ila ukuta wa rangi ya silki hapana, ile inarudisha mwanga kama flex.

Kuna na hili la kuegesha, linaharibu hata mashine nzuri. Ukiweka projekta chini kwenye kiti ukaiinua pua, picha inapanuka juu, halafu unaingia kwenye menyu unainyoosha kwa kistoni (keystone, ile ya kurekebisha umbo la picha), umbo linakuwa sawa lakini mwanga haunyooki. Tuseme ukingo wa chini uko mita 3 toka kwenye lenzi na wa juu uko mita 3.6, mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hesabu hiyo peke yake juu inabaki na kama asilimia 70 ya chini, na ukiongeza kwamba unafika kwa mshazari inashuka zaidi. Piga bomba la chuma darini uitundike ikiangalia skrini sawasawa, kichwa chini miguu juu, uigeuze kwenye menyu, kistoni uiache sifuri.

Haya, nani achukue nini. Mwenye banda la mpira, na najua wengi mnajipanga kwa ajili ya AFCON 2027 kwa kuwa inachezwa hapa hapa Tanzania, Kenya na Uganda, chukua 3LCD iliyotumika ya ANSI 3000 kwenda juu yenye vioo vizima, kitambaa butu, itundike. Fanya na hesabu ya ukubwa, inchi 100 ni kama mita za mraba 2.8, lumeni 3000 zinakupa kama laksi 1,080 (laksi ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba), ukivuta mpaka inchi 150 eneo linazidi mara mbili, zinabaki kama 480, kwa hiyo usivute picha kwa sababu ukuta upo. Wa harusi na send-off na yeye nampa 3LCD lakini kwake nakagua nyeupe mara mbili kwa ajili ya shela. Nyumbani kwenye sebule ya giza, DLP. Sebule ya dirisha kubwa na hela ipo, ile ya chini ya ukuta na skrini yake.

Kanisa linahitaji maneno zaidi kidogo. Maneno ya nyimbo yanajaa mpaka ukingoni na wazee wanakaa pembeni, kwa hiyo usawa ni muhimu kuliko hata mpira. Mama mmoja mhasibu wa kanisa aliniuliza, "baba, hizi mbili ndogo tukiziweka ubavu kwa ubavu si tunapata picha moja pana?" Nikamwambia mama, zinapokutana ni ukingo wa kulia wa hii na wa kushoto wa ile, sehemu mbili zilizofifia zinashikana mikono katikati kabisa ya ukuta, utaona mshono hata uzirekebishe vipi, labda ununue mashine zenye uwezo wa kulalisha ukingo wa picha moja juu ya nyingine na fundi wa kuzipanga kila baada ya muda. Tukaweka skrini mbili zinazojitegemea, kushoto na kulia kwa madhabahu, picha ile ile kote, na kila mzee anaangalia ya upande wake.

Dukani nenda na flashi yenye picha tatu, nyeupe tupu, kijivu cha kati na nyeusi tupu. Nyeupe inaonyesha kona na njano, kijivu kinaonyesha mabaka vizuri kuliko zote, nyeusi inaonyesha vumbi. Omba wazime taa. Usipige picha kwa simu ukaiamini, lenzi ya simu nayo inafifisha kona zake, pima kwa kubandika simu yenyewe kwenye ukuta sehemu 9, halafu kona nne mwisho kabisa.

Na kama boksi umeshalinunua na hela imeshaenda, kusogeza mashine karibu hakusaidii kona, picha nzima itang'aa ila uwiano utabaki ule ule. Kinachosaidia ni kwenye menyu kupunguza ukubwa wa picha mpaka asilimia 80 hivi halafu unairudisha mashine nyuma mpaka picha ijae tena. Hapo unatumia sehemu ya kati ya kioo peke yake, ile inayopata mwanga vizuri. Utapoteza ukali wa picha kidogo na mwanga wa jumla utapungua, lakini mpiga kona utamuona.